Watoto Arobaini na Mmoja wa Mpishi Wetu

Ndugu msomaji wa Jarida la Sekondari ya Ha Ramosebo, uwe bondeni, uwe migodini, uwe huku huku mlimani, nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani? Wa nyumbani hawajambo? Na mgonjwa wenu ameamkaje, maana siku hizi kila nyumba ina wake? Sisi tu wazima. Baridi imetuachia kidogo, mablanketi tunayavua mchana, tunamshukuru Mungu.

Mwalimu mkuu ameniomba niandike ukurasa mmoja wa kumuaga mpishi wetu, 'Me, yaani Mama, 'Makhauhelo Phakisi, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Ukurasa mmoja hautatosha. Mkuu wetu huyo, baba yetu Ntate Ramphoma, atanisamehe, kama anavyosamehe kila jambo lisilomgharimu.

Nianze na lililo moyoni, usije ukachoka kabla hujalifikia. Jumanne ya tarehe 9 Desemba, 'Me 'Makhauhelo anakatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto kwa sababu ya kisukari. Hospitali inataka jina la mtoto au ndugu atakayekaa naye wiki sita kumsafisha kidonda. Bila jina hawampokei. Ndugu hana aliyebaki, na jina la mtoto hatuna. Basi endelea kusoma ukilijua hilo.

'Me aliajiriwa Februari 1997, miezi mitatu baada ya kumzika mumewe, aliyerudi kutoka migodini na vitu viwili: mapafu yaliyojaa vumbi na cheti cha kumshukuru kwa bidii yake. Alimuuguza miaka minne. Alipokuja kuomba kazi, kamati ya wakati ule ilimuuliza ana uzoefu gani wa kupika. Akajibu, "Nimempikia mtu asiyeweza kumeza, naye akala." Wakaona uzoefu huo si rasmi, wakampa kazi kwa majaribio ya miezi mitatu. Barua ya kumthibitisha haijatoka mpaka leo. Nadhani bado wanamwangalia.

Jina lake alipewa siku ya harusi, kama sote. Bibi harusi akiingia kwa wakwe huitwa 'Ma wa fulani, mama yake fulani, na huyo fulani hutarajiwa kufika baadaye. Wakwe walichagua Khauhelo, maana yake huruma. Khauhelo hakufika. Wakangoja, wakasali, wakaenda kwa waganga ambao sitawataja kwa sababu wengine tunasali nao kanisa moja. Mtoto hakuja, jina likabaki. Kwa hiyo amekuwa mama wa mtu ambaye hayupo, na nadhani ndiyo maana haikumpa taabu baadaye kuwa mama wa watu waliopo.

Mafanikio yake jikoni ni mengi. Alipika miaka kumi na mitatu katika moshi, akiandika barua kila Januari kuomba bomba la kutolea moshi, na mwaka 2009 bomba likaja, likafungwa nyumba ya mwalimu mkuu wa wakati huo. La jikoni lilifuata mwaka uliofuata. Alisimama juu ya sakafu ya saruji siku zote hizo na viatu vya mpira, akipika ugali wa watoto mia tatu, mboga na maharage. Kila mwezi wa Julai theluji ilipofunga njia na unga usifike, alitengeneza uji wa mtama uliochachuka kutokana na kitu ambacho hatujakijua. Tulikunywa bila kuuliza. Hakuna aliyekufa.

Lakini kazi yake kubwa hakuifanyia jikoni, na hapo ndipo namwomba mwalimu mkuu akae kitini kabla ya kusoma zaidi.

Shule yetu ina sheria nzuri sana, imeandikwa kwa rangi ya buluu ukutani karibu na lango: MWANAFUNZI ATAKAYEKOSA SIKU KUMI ALETE MZAZI. MZAZI AJE MWENYEWE. Elimu yangu ni ya darasa la saba na kozi ya kupiga chapa, kwa hiyo huenda hekima yake inanipita. Mtoto hakuja shule kwa sababu mama yake hawezi kutoka kitandani. Dawa yake ni nini? Amlete mama. Aliyeitunga lazima alikuwa na shahada, tena mbili.

Mwaka 2003 kulikuwa na mvulana wa kidato cha pili, Katiso. Mama yake aliugua ule ugonjwa ambao wakati huo tuliuita kifua, au tumbo, au kurogwa, chochote isipokuwa jina lake. Katiso alikosa siku kumi na tisa. Siku aliyotakiwa kuleta mzazi, alikwenda jikoni akakaa juu ya magunia ya unga.

"Una nini wewe, unanikalia unga?" 'Me akamuuliza.

"Nimeambiwa nilete mzazi."

"Si umlete!"

"Hawezi kusimama, 'Me."

'Me akakoroga sufuria mara tatu nne. Akavua aproni, akavaa kofia yake ya kanisani, akajifunga blanketi na kulibana kwa pini kubwa. "Haya, twende," akasema. "Lakini ukinicheka humo ndani, nitakuzaa upya kwa fimbo."

Mimi nilikuwa karani, nimekaa na daftari la wageni mlangoni kwa mwalimu mkuu. Akaja mbele yangu, mpishi ninayemwona kila siku, ameshika mkono wa mtoto asiye wake.

"Jina?" nikauliza, nikiona haya.

"'Makatiso."

Nikamtazama. Akanitazama. "Andika, dada Limpho," akasema. "Sahani zinanisubiri."

Nikaandika, Mungu anisamehe. Nani angebisha? Hapa kwetu mwanamke akisema yeye ni mama wa fulani, basi ndilo jina lake na mambo yamekwisha. Hakuna aliyewahi kumwomba mama kitambulisho. Akaingia, akagombezwa kwa malezi mabaya nusu saa nzima, akaomba radhi, akatia sahihi, akarudi kupakua maharage. Mama yake Katiso alifariki Agosti. 'Me alikwenda mazishini kama mpishi, na sufuria yake kichwani. Katiso alimaliza shule.

Habari ilienea chini chini, kama zinavyoenea habari zote nzuri. Nimelihesabu daftari wiki hii. Tangu Katiso, 'Me 'Makhauhelo amejiandikisha kuwa mama wa wanafunzi arobaini na mmoja. Mwaka 2007 peke yake alizaa sita. Kuna wawili waliozaliwa wiki moja, na hakuna daktari aliyeandika makala juu ya jambo hilo.

Utauliza, je, mwalimu mkuu hakumtambua mpishi wake? Ndugu yangu, waliotangulia walimjua kwa barua za bomba tu, na Ntate Ramphoma alikuja kwetu miaka kumi na moja iliyopita na hajawahi kuvuka tangi la maji kuja upande wa jikoni. Sahani yake huletwa na kiranja, imefunikwa kitambaa safi. Siku moja 'Me ameketi mbele yake, mama wa msichana wa kidato cha tatu, Ntate akamwambia kwa upole, "Tena mama, shuleni hapa tunawalisha vizuri. Mpishi wetu ni hodari." Naye akajibu, kichwa chini, "Nasikia hivyo, Ntate."

Kulikuwa na siku alipaswa kuwa mama mara mbili, saa tatu na saa tano. Tulibadilishana blanketi nyuma ya stoo. Lake la kahawia kwangu, langu la kijani kwake, na kofia nikampa. Alipotoka mara ya pili nikamsikia Ntate akimwambia makamu wake, "Wazazi wa siku hizi wanafanana. Wote wanasema ndiyo Ntate, ndiyo Ntate, halafu hawabadiliki."

Dhambi ile ilinisumbua. Nikaenda kuungama kwamba ninaandika uongo katika daftari la serikali. Padri akauliza ni uongo gani. Nikamweleza wote. Akaniambia nisali Salamu Maria tatu. Kisha akanong'ona, kama huyo mama ana nafasi Alhamisi, kuna mtoto wa parokia katika shule ya jirani ambaye naye ametakiwa kuleta mzazi.

Nisisahau semina. Mwaka juzi walikuja wageni kutoka mji mkuu, magari matatu, kuzungumzia afya na mzigo wa ulezi kwa wanafunzi. Tulifurahi mno. Walikula kuku wote. Wanafunzi wanaouguza watu nyumbani walibakizwa baada ya masomo mpaka saa kumi na moja kujaza karatasi: kadiria mzigo wako kuanzia moja mpaka tano. Msichana mmoja aliyekuwa na haraka akamuuliza mgeni, "Bibi yangu hajageuzwa tangu asubuhi, hiyo ni ngapi?" Yule mgeni akamshukuru kwa swali zuri, akaliandika. Matokeo tuliahidiwa kuletewa. 'Me 'Makhauhelo hakujaza karatasi yoyote. Aliwafungia ugali ule uliobaki katika majani ya kabichi, wabebe nyumbani, na kesho yake akaandikiwa onyo kwa kutoa chakula nje ya eneo la shule.

Sasa nifike kwa Puseletso.

Puseletso alikuwa kidato cha tano, cha mwisho kwetu, mwaka jana. Mama yake alipigwa na kiharusi mwezi wa Machi; upande wa kulia wote ukalala na mdomo ukapinda. Nyumbani walikuwa wawili tu. Kufikia Septemba Puseletso alikuwa amekosa siku hamsini na tatu, na kwa sheria nyingine yetu nzuri, aliyezidisha arobaini hapewi namba ya mtihani mpaka kamati ikae na mzazi. Mzazi asipokuja, mtihani hakuna. Kikao kikawekwa Alhamisi, saa nne na nusu.

'Me akavaa kofia. Kamati nzima ilikuwa pale, watu watano wenye kalamu, na mimi kando na daftari. Puseletso amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Siku hamsini na tatu, Mama Puseletso!" Ntate Ramphoma akaanza. "Huoni aibu?"

"Naona, Ntate."

"Unamfanyisha nini huyu mtoto huko nyumbani?"

"Ananigeuza kitandani, Ntate. Ananiosha. Ananilisha uji kwa kijiko, maana mdomo haushiki."

Mjumbe mmoja akavua miwani. "Mbona tunakuona umekaa vizuri tu na unasema vizuri?"

"Leo nimeamka vizuri," akasema 'Me. "Ni neema ya Mungu."

Mimi nikainamia daftari nikisali, sijui nilisali nini. Ndipo tukasikia mlio wa gurudumu kavu uani. Mlango ukasukumwa. Jirani mmoja, amelowa jasho, anasukuma toroli la kubebea samadi, limetandikwa godoro la sponji, na juu ya godoro, amefungwa blanketi na mkanda asianguke, mama yake Puseletso. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba mtoto wake hatafanya mtihani mpaka mzazi aje mwenyewe. Basi akaja mwenyewe. Saa mbili na nusu za njia ya mawe.

Puseletso akajifunika uso. 'Me 'Makhauhelo hakusogea kitini, lakini niliona mkono wake umeshika pini ya blanketi kama mtu aliyeshika ukingo wa mwamba. Ukikutwa na uongo wa namna ile, huendi nyumbani peke yako. Unakwenda na mtoto, na mtihani wake, na wale wote wa nyuma yake.

Ntate Ramphoma akatazama kiti. Akatazama toroli. "Samahani," akasema, polepole. "Mama yake Puseletso ni yupi hapa?"

Yule mgonjwa akamtazama 'Me muda mrefu. Walikuwa hawajawahi kuonana kabla ya siku ile. Aliangalia kofia, aliangalia ule mkono kwenye pini, na nadhani aliona alama za kuungua na unga kwenye kucha. Mdomo wake ukahangaika kutafuta neno.

"Ni huyo," akasema, akimwonyesha kwa mkono wake mzima. "Mimi nimemsindikiza tu."

Ntate Ramphoma alifungua kalamu, akaifunga, akaifungua tena. Akaandika namba ya mtihani kwenye karatasi, akampa Puseletso bila kumtazama. Kisha akaangalia saa ya ukutani.

"Ni saa tano kasoro," akasema. "Watoto wanakula saa saba. Mtu amwambie mpishi, popote alipo, asichelewe."

Mpaka leo sijui alikuwa amejua tangu lini. Miaka kumi na moja nimemcheka moyoni mtu ambaye pengine alikuwa akituchekelea sisi. Nimemwombea, na nimejiombea. Ila akisoma hapa, nimkumbushe kwamba maandishi ya buluu bado yako ukutani, na wiki hii yamepakwa rangi upya.

Puseletso alifaulu yote isipokuwa hesabu.

Kuhusu mguu: kidonda kilianza Mei, chini ya kidole kidogo. 'Me hakusema. Alikuwa na watoto wawili wa kuwasemea mwezi huo, na kliniki ni kila Jumatano, siku ya maharage. Alipovua kiatu mbele yangu Septemba, nilitoka nje nikalia nyuma ya stoo, kisha nikarudi kumgombeza. "Wewe na hekima zako zote!" nikamwambia. "Kila siku unawaambia watoto wawapeleke wazee kliniki mapema!" Akasema, "Wao wana wa kuwapeleka."

Kamati ya zawadi, ambayo kwa desturi haimuulizi mtu, imemnunulia viatu. Ni vizuri, vyeusi, vya ngozi, vimefunikwa mbele, na ni vidogo kwa namba moja. Tulimkabidhi juzi mbele ya walimu wote kabla hatujawaza tunalofanya. Yeye akavipima kwa macho, akasema, "Asanteni. Baada ya tarehe tisa vitanitosha vizuri kabisa." Akacheka peke yake. Makamu wa mwalimu mkuu ilibidi atoke nje.

Wiki iliyopita nilimsindikiza hospitali kuchukua fomu. Nesi akauliza, "Una watoto, 'Me?"

"Sina," akasema.

"Anao arobaini na mmoja," nikasema mimi.

Nesi akaona nimechoka. "Aniandikie mmoja tu," akajibu. "Na huyo mtoto aje mwenyewe."

Aje mwenyewe! Nilidhani maneno hayo ni ya ukutani kwetu peke yake, kumbe yanatumika nchi nzima. Ningesema mimi ndiye binti yake, Mungu angenisamehe kwa mazoea. Lakini nimepishana naye miaka minane, na nesi yule tunaimba naye kwaya, mimi sauti ya pili, yeye ya kwanza. Tena mama mkwe wangu amelala ndani mwaka wa tatu huu, na hapo nyumbani mikono ni yangu tu.

Puseletso ndiye wa kwanza kuniandikia aliposikia. Alisema, "'Me Limpho, niandike mimi, ila nitakuja na mama kwenye toroli, niwauguze wote wawili chumba kimoja." Angefanya kweli. Nimemkatalia, na 'Me amemkatalia kwa ukali zaidi: amesema hakumzaa pale mbele ya kamati ili aje kufungwa kwenye kitanda cha pili.

Basi nawasemesha ninyi mliobaki. Katiso, nasikia una nyumba ya mabati bondeni na mke mkarimu. Na ninyi sita wa mwaka 2007. Na wewe uliyekwenda kuwa polisi, ambaye 'Me alikulilia machozi ya kweli ofisini ingawa ulikuwa umekosa shule kwa uvivu wako tu, naye alijua. Majina yenu yote ninayo, na sahihi zake kando yenu. Hatuwaombi kitu cha kununua. Viatu tayari anavyo. Tunamwombea 'Me 'Makhauhelo apone upesi, alale mpaka jua limpate kitandani, ale chakula kilichopikwa na mtu mwingine, akione kibaya na aseme wazi. Tunamshukuru kwa kila sahani, na kwa kila kugombezwa alikokupokea kwa ajili ya mtu mwingine. Muda wake wa majaribio, kwa maoni ya karani huyu, umekwisha, na amefaulu.

Fomu iko mbele yangu. Mahali pa kuandika JINA LA MTOTO pana mstari mmoja, na mstari ni mtupu. Inatakiwa irudi hospitali Ijumaa ya tarehe 5 Desemba, kabla ya saa sita. Tafadhali nijibu upesi.

Limpho Maqhama,
karani